Mihadhara ya Afya Isiyolipiwa Hapa Toronto



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike habari za mihadhara ya afya na tiba inayotolewa bure kwa watu wote katika mji huu wa Toronto. Nimekubali kwa furaha, maana ni jambo nililolifuatia kwa miaka mingi, na matunda yake tumeyaona ndani ya jamaa zetu wenyewe. Ila nataka kusema mapema kwamba sikubaliani na wale vijana wetu wanaodai, "Mihadhara ipo, mlango uko wazi, asiyekwenda shauri yake." Mzee asiyejua Kiingereza, anayekaa ghorofa ya kumi na nne, mwezi wa Januari, njia zote zimejaa barafu, mlango huo kwake bado umefungwa. Anahitaji mtu wa kwenda naye, na zaidi ya hapo anahitaji watu wa kukaa nao akisharudi. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza tuitazame mihadhara yenyewe.

Wenyeji wa mji huu wana desturi ya zamani ya kuwakusanya watu wa kawaida na kuwaelimisha bila kuwatoza hata senti. Chama kiitwacho Royal Canadian Institute kilianzishwa hapa Toronto mwaka 1849, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sandford Fleming, yule mhandisi ambaye baadaye alipata sifa kwa kupigania utaratibu wa saa unaotumika duniani leo. (Sisi tunaohesabu saa kwa vidole kabla ya kupiga simu nyumbani, tunanufaika na kazi yake bila kumjua.) Kwa miaka mingi chama hicho kilifanya mihadhara ya bure Jumapili alasiri katika Chuo Kikuu cha Toronto, katika ukumbi wa Macleod uliomo ndani ya Jengo la Sayansi za Tiba. Mtu aliingia tu akakaa, akamsikiliza profesa, kisha akauliza swali lake. Hakuna aliyemdai cheti wala kumwuliza anafanya kazi gani.

Ukumbi huo una jina lenye historia inayotuhusu sana. J.J.R. Macleod ndiye profesa aliyekuwa mwenye maabara ambamo daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kazi mwaka 1921, wakaipata dawa ya insulini. Jengo walimofanyia kazi halipo tena, na mahali pake ndipo liliposimama hilo Jengo la Sayansi za Tiba. Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, mtoto aliyeitwa Leonard Thompson alipigwa sindano ya kwanza. Haikumfaa, kwa kuwa dawa haikuwa safi. Mwanakemia James Collip akaishughulikia usiku na mchana mpaka akaisafisha, na tarehe 23 Januari mtoto akapigwa tena, safari hii sukari ikashuka. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha namna ile alikuwa akinyimwa chakula ili aongezewe miezi michache tu. Thompson aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu haki zao kwa dola 1 kila mmoja, na mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel, nao wakagawana fedha zake na Best na Collip.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu kisukari ni ugonjwa uliopiga hodi karibu katika kila nyumba yetu. Tumehamia katika mji ambao dawa yake ilizaliwa, na bado wapo kati yetu wanaoificha chupa ya dawa nyuma ya kopo la unga ili wageni wasiione.

Siku hizi mahali rahisi pa kuanzia ni Maktaba ya Umma ya Toronto. Ina matawi 100, kwa hiyo hakuna kitongoji kilicho mbali nayo sana, na mazungumzo ya afya hufanyika humo mara kwa mara: moyo, shinikizo la damu, mifupa, usingizi, kusahau kwa wazee. Maktaba kubwa ya marejeo iko nambari 789 Barabara ya Yonge, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1977, kazi ya msanifu Raymond Moriyama. Hata asiyependa vitabu atafurahi kulitazama kwa ndani. Hospitali nazo hualika watu kusikiliza madaktari wao. Na upande wa Scarborough, mtaa wa Malvern, kipo Kituo cha Afya cha Jamii cha TAIBU, kilichowekwa kwa ajili ya jamii za watu weusi wa mji huu na viunga vyake. Watu wa pwani watalitambua jina hilo mara moja. Mtu akiulizwa hali yake naye akajibu "taibu", basi hajambo. Mimi niliposoma kibao kile kwa mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu njiani.

Hapa niweke onyo. Si kila mkutano wa bure ni mhadhara. Wapo wanaokodi chumba hotelini, wakatoa chai na biskuti, wakazungumza nusu saa juu ya magoti na mgongo, kisha wakafungua masanduku ya vidonge vyao na kuanza kuuza. Mhadhara wa kweli hauuzi kitu. Mwulize mzungumzaji ni nani aliyemleta na ni nani anayemlipa. Asiyeweza kujibu hilo, wewe kunywa chai yake uondoke.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Nimehudhuria mihadhara mingi nikiwa na wazee wetu, na nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Mzungumzaji huwa ni mtu mwema na mjuzi, lakini anasema haraka. Picha zinapita ukutani. Mfano wa chakula anaoutoa ni mkate, viazi na tambi. Hajui ugali, wala hajui kwamba wali wa nazi unaliwa katika sinia moja na watu sita. Muda wa maswali ukifika, wananyanyua mikono wale wale waliokwisha kusoma. Wazee wetu wananyamaza kwa heshima, wanachukua karatasi, wanakwenda nayo nyumbani, na karatasi inakuwa ya kufunikia sufuria.

Wale wenzangu waliokulia Tanzania watakumbuka kwamba sisi tulikwisha kuona namna nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilishirikiana na wizara na redio, na kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2, katika vikundi vipatavyo 75,000, walisikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Ilikuwa imetanguliwa na kampeni ndogo zaidi, kama Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na ikafuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mimi nilikuwa darasa la sita, kijiji kimoja cha upande wa Korogwe, na kwa kuwa nilijua kusoma vizuri niliwekwa karibu na redio niwasomee kitabu kina mama waliochelewa shambani.

Utaratibu ulikuwa huu. Redio ilisema kwanza. Kisha kitabu kilisomwa kwa sauti. Kisha kikundi kilijadili: je, hapa kwetu mambo yako hivyo? Na mwisho, kabla ya kuondoka, kikundi kiliamua kitu cha kufanya wiki ile ile. Kukata majani, kufukia madimbwi, kufunika mitungi, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa nchini vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Nakumbuka ubishi wa choo. Redio ilisema kila nyumba iwe na choo. Mzee mmoja akasema vema, lakini mimi na mke wa mwanangu hatuwezi kuonekana tukiingia mlango mmoja, ni aibu kubwa. Ndiyo maana mimi nakwenda porini. Sasa redio ingemjibuje? Aliyekuwa studio Dar es Salaam hakumsikia. Kikundi ndicho kilichomjibu. Walibishana mpaka jua likazama, wakakubaliana nyumba yenye wakwe ichimbe viwili, na vijana wakajitolea kuchimba. Wiki iliyofuata mashimo yalikuwapo.

Wala asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Afrika tu. Mwaka 1911 Dakta Charles Hastings, mganga mkuu wa mji huu wa Toronto, alitoa taarifa juu ya mitaa ya maskini, na humo alieleza habari za vyoo vya shimo, maji mabaya na vyumba vilivyojaa watu. Mtaa mmojawapo, ambao wahamiaji wengi walifikia, ulikuwa karibu na pale ilipo sasa Ofisi Kuu ya Jiji. Hastings alikaa kazini mpaka mwaka 1929, akihimiza maziwa yachemshwe na watu waelimishwe.

Kuna uhusiano mwingine wa Toronto na kampeni yetu ambao wengi hawaujui. Mwaka 1973 huo huo Mkanada Roby Kidd alianzisha Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima, na makao yake yakawa hapa Toronto. Mkutano wake mkuu wa kwanza wa dunia ulifanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1976, na Mwalimu Nyerere akahutubia. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti katika Taasisi yetu ya Elimu ya Watu Wazima na aliyeandika kijitabu juu ya Mtu ni Afya, alikuja kufanya kazi katika Baraza hilo, akawa Katibu Mkuu wake tangu 1979 hadi 1991. Yaani wakati wengi wetu tunafika hapa na masanduku yetu, tukidhani tumekuja kufundishwa, kulikuwa na ofisi mjini humu iliyokuwa ikiwaeleza walimwengu tulichokifanya sisi chini ya miembe.

Ndipo baadhi yetu tukaona tufanye vivyo hivyo. Tulianza jamaa nne, sasa tuko kumi na moja. Mmoja wetu anatazama ratiba za maktaba na hospitali na kuchagua mhadhara mmoja kwa mwezi. Wenye magari wanawachukua wazee. Ukumbini tunakaa safu moja, na mkalimani anakaa katikati akinong'ona. Jumamosi inayofuata tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunarudia yaliyosemwa kwa Kiswahili, tunabishana, na kila nyumba inaondoka na jambo moja la kufanya.

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, ana miaka 79. Kisukari aliambiwa anacho zaidi ya miaka kumi iliyopita. Alikuwa hataki kabisa kuja, akisema hawezi kukaa na watoto wadogo akizungumzia mkojo wake. Alikuja kwa sababu mhadhara ulikuwa katika tawi la maktaba lililo karibu na nyumba ya binti yake, na kwa sababu wifi alimwahidi samaki wa nazi. Mzungumzaji alikuwa muuguzi mmoja mwanamke. Alipofika katika habari ya miguu, Mjomba akanyanyua mkono. Mimi nilishtuka. Akasema kwa Kiswahili, na mimi nikawa nafasiri:

"Mwanangu, mimi mguu wangu wa kushoto hauniumi. Hauna baridi, hauna joto. Ni kama mguu wa mtu mwingine. Hiyo si afadhali?"

Ukumbi ulinyamaza. Muuguzi yule hakucheka. Alimwambia kwamba mguu usiouma ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu sukari ikizidi kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Baada ya mhadhara akamwomba avue kiatu. Ndani ya buti la baridi mlikuwa na kifungo cha koti. Kilikuwamo siku nyingi, na chini ya dole gumba palikuwa na kidonda cheusi ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiona. Kesho yake alikuwa kwa daktari. Alikatwa kidole kimoja. Mguu ulibaki, na leo anatembea mpaka dukani na kurudi.

Tangu siku hiyo jambo la kwanza katika vikao vyetu ni miguu. Kila mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, kwa kioo kama hawezi kuinama, au atazamiwe na mwenzake, na apapase ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Mjomba ndiye anayeuliza: "Nani hajatazama?" Wala hapokei udhuru.

Mengine tuliyoyapata nitayataja kwa kifupi, maana kila mtu ana daktari wake wa kumwuliza. Insulini isiyofunguliwa hukaa ndani ya friji, lakini isigande. Hapa kwetu nchi ya baridi, dawa iliyoachwa ndani ya gari usiku wa Januari ikiganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Sukari ikishuka chini ya 4.0, mtu akitetemeka na kutoka jasho, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai katika maji, kisha asubiri dakika 15 na kupima tena. Chai ya maziwa isiyo na sukari haitamsaidia.

Kipo kipimo kiitwacho A1C, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi, kwa sababu kinaitazama sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku zipatazo 120. Kwa wagonjwa wengi madaktari hulenga kisizidi asilimia 7. Lakini mtu mwenye selimundu, au hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu bila kuugua, kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Katika jamaa zetu urithi huo upo, na daktari wa hapa huenda asiulize. Mwambie wewe.

Kwa ndugu zetu wanaofunga Ramadhani, wazungumzaji wote tuliowasikia walisema jambo moja: mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama ili dawa zipangwe upya, na sukari ikishuka mno afungue. Mzee mmoja wa kikundi chetu alikataa kulisikia hilo kwa muuguzi, akalikubali kwa shehe aliyealikwa kikao kilichofuata. Mimi sioni ubaya wowote. Neno ni lile lile.

Tulibishana sana juu ya sinia. Wataalamu wa hapa wanasema nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo nyama au maharage. Mama mmoja akauliza, robo ya sinia inapimwaje wakati watu sita wanakula, na baba ndiye anayerundikiwa? Hapo hakuna mzungumzaji wa maktaba angeweza kutusaidia. Wakina mama wakaamua mboga iletwe kwanza peke yake, mchicha, bamia au kabichi, na sinia la wali lije baada ya dakika kumi. Wababa walinung'unika mwezi mzima. Sasa hawanung'uniki, au labda hawanung'uniki mbele yetu.

Lipo jambo moja linalonikera, nami nitalisema. Tangu mwaka 2020, wakati wa Korona, mihadhara mingi ilihamia kwenye kompyuta, na baadhi haikurudi ukumbini. Kwa kijana ni nafuu. Lakini katika ukumbi mmoja tuliouzoea, ambao sitautaja, siku hizi mtu hawezi kuingia mpaka ajiandikishe kwa barua pepe, na tulirudishwa mlangoni pamoja na wazee watatu, viti vikiwa vitupu. Basi sasa mpwa wangu anawaandikisha wote mapema, kwa majina yao kamili. Na ule mhadhara wa kwenye kompyuta tunautazama pamoja katika televisheni ya sebuleni, tukiusimamisha kila baada ya dakika tano kwa ajili ya kufasiri. Kwa kweli wazee wengine wanaupenda kuliko ukumbi, kwa kuwa mzungumzaji anaweza kunyamazishwa.

Hospitalini pia, asiyejua Kiingereza asitegemee mjukuu wa miaka kumi kumfasiria habari za saratani. Hospitali nyingi za hapa zina wakalimani, hata kwa njia ya simu, nao hawalipishi mgonjwa. Ni kuomba mapema wakati wa kuandikisha miadi.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana, nyumba kwa zamu. Anayetaka kuja aseme na mmoja wetu wakati wa mkutano wa jamaa. Aje na dawa zake zote katika mfuko mmoja, za daktari na za mitishamba, na orodha ya maswali. La mwezi ujao tayari lipo: Bibi mmoja kutoka Mombasa anataka kujua kama muhogo wa kuchemsha ni afadhali kuliko ugali, na Mjomba ameshasema jibu lolote litakalotolewa atalipinga.